Foleni ya Majibu ya Damu

Kaloleni, Arusha
Alhamisi jioni

Baba mpendwa,

Shikamoo. Habari za hapo Akheri? Goti linaendeleaje, na mama ameacha kukohoa? Mimi ni mzima, ila tangu juzi nina furaha hata kula nasahau.

Unakumbuka ile programu tunayoitengenezea maabara ya zahanati. Sehemu moja inapokea majibu kutoka kwenye mashine za vipimo, nyingine inayatuma kwenye simu za madaktari, na zote zinafanya kazi kwa wakati mmoja. Mwezi uliopita majibu yakaanza kupotea. Mama mjamzito aitwaye Swabaha alikaa siku mbili bila daktari kujua kwamba damu yake imepungua vibaya. Alinusurika, yeye na mtoto, lakini kidogo tu. Lawama zikamwangukia Godwin, mwenzangu anayetunza sehemu ya kutuma. Bosi akamsimamisha kazi.

Baba, nimepata dawa yake! Sehemu ya kupokea ilikuwa na nafasi ya jibu moja tu. Likija la pili kabla la kwanza halijachukuliwa, la kwanza linafutika. Sasa nimeweka foleni katikati. Kila jibu linasimama nyuma ya lililotangulia, sehemu ya kutuma inachukua la mbele, na foleni ikijaa, ya kupokea inasubiri. Hakuna inayoikanyaga nyingine! Nilimwaga majibu mia nne ya majaribio kwa mkupuo, yakatoka yote mia nne, kwa mpangilio. Nilipiga kelele mpaka mwenye nyumba wangu, Bi Twahira, akaja kuuliza kama nimeng'atwa.

Sasa neno lililonifanya niandike badala ya kupiga simu. Ile sehemu ya kupokea niliiandika mimi. Kosa langu nililiona wiki nzima kabla ya kusema. Kila asubuhi nilikiona kiti cha Godwin kitupu, nikanyamaza, nikijiambia nirekebishe kwanza. Jana nilimweleza bosi mbele ya wote. Godwin amerudishwa, na uongozi wa kazi niliokuwa nao amepewa yeye. Nilipomwomba msamaha alisema kusamehe bado, ila nivute kiti nimwonyeshe hiyo foleni inavyofanya kazi.

Kesho daktari atanipeleka kwa Swabaha, nimwambie kwa mdomo wangu mwenyewe. Naogopa, baba, lakini nitakwenda.

Msalimie sana mama, na jirani yetu Mama Kandida. Mniombee.

Mwanao,
Skolastika