Mama na Ungo Wake Mafia

Majimoto, 4 Juni 2024

Mwanangu Telesphor,

Hujambo baba? Mafua yamekwisha? Mimi mzima, miguu tu imevimba kwa safari. Hapa hakuna asiyejua kwamba Mama Telesphor kafika kisiwa cha Mafia kwa mwanae anayetembeza watalii. Nimewasimulia yule samaki mkubwa kama trela asiyekula watu, popo wenye sura za mbwa, na wewe ukimwaga Kizungu huku wageni wametulia kama maji mtungini. Nilipowapepetea mchele wetu wa Mpimbwe ulisema neno la Kizungu, wakashtuka, wakapiga picha. Ukaniambia nicheke, nikacheka. Mtoto wa Fausta wa hapa kijijini ni daktari, sawa, lakini Fausta kapigwa picha na Mzungu gani?

Mama yako,
Josefina

Mafia, 19 Juni

Shikamoo mama. Mimi naendelea vizuri, wageni ni wengi. Picha yako na ungo imependwa sana mtandaoni. Bosi kaibandika mapokezi. Mwakani uje tena.

Mwanao,
Telesphor

Majimoto, 30 Juni

Mwanangu,

Salama huko? Mimi naumwa moyo tu. Jirani yetu Manyanda kaja na simu, ndani picha yangu. Binti yake mwalimu kasoma Kizungu kilichoandikwa chini ya picha: “Mchawi wa Mpimbwe na ndege yake.” Nikamwambia hajui kusoma. Sasa mjukuu wa Manyanda ana homa, wananitazama mimi. Wanajumuiya wa kanisani hawaji tena kusali kwangu. Njoo baba, hata siku moja, useme ulikuwa unatania.

Mama yako

Mafia, 8 Julai

Shikamoo mama, pole. Wageni wanakuja kwa ajili ya hadithi. Bibi anayepepeta mchele tu, nani atamtazama? Nikikana, nitaitwa mwongo na kazi sina. Kana wewe, watasahau.

Mwanao

Majimoto, 21 Julai

Mwanangu Telesphor,

Natumaini unakula vizuri. Mjukuu wa Manyanda tumemzika Alhamisi. Nasema tumemzika, mimi nilizuiwa barabarani. Jana wameniita mbele ya kijiji kizima. Mwenyekiti kaniuliza kwa upole, “Mama Telesphor, tuambie tu, mwanao alidanganya?” Nilijua nikisema ndiyo, yameisha. Nikasimama, nikafunga kitenge vizuri. Nikawaambia mwanangu amesoma, hajawahi kumdanganya mtu.

Wamenipa mpaka Jumamosi niwe nimehama. Huko kazini usiseme kitu, baba.

Mama yako,
Josefina