Vidonge vya Chupa ya Mjerumani

Elerai, Arusha
11 Agosti 1996

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na Baba naye kifua kimetulia. Huku hatujambo, wajukuu zako wanaulizia ndizi zako kila siku, utadhani hapa mjini wanakula mawe.

Habari za jirani yako Magdalena nimezipata kwa kaka Daniel. Amesema alianguka kifafa jikoni, mkono ukaingia motoni, na sasa amelazwa. Nilisikitika sana, lakini lililoninyima raha ni kusikia kwamba alikuwa ameacha dawa mwezi mzima. Eti uliwaambia akina mama, pale kwenye mnada wa ndizi baada ya ibada, kwamba vidonge vya India ni chaki tupu, na kwamba wewe umekaa miaka mitatu bila kuanguka kwa sababu unameza vya Mjerumani peke yake. Magdalena akaenda nyumbani, akavimwaga vyake kwenye migomba.

Sikulaumu, Mama. Tangu serikali iruhusu biashara huria, maduka ya dawa yamezuka kila kona, na mtu akiona boksi asilolijua lazima asite. Hata mimi nilisita.

Sasa kaa chini kwanza. Yule daktari Mjerumani wa misheni alipoondoka, dawa yake haikupatikana tena. Nilimwendea daktari wa hapa mjini nikilia. Akaniambia dawa iliyomo ndani ni ileile, kiwanda tu ndicho tofauti, akaniandikia. Nilijua wewe hutaimeza ng'o. Kwa hiyo kila mwezi unaponipa chupa yako tupu nikakujazie, huwa najaza vya India, nikikuacha uamini ni vya Mjerumani. Vyeupe kwa vyeupe, hukushtuka. Miaka mitatu yote umemeza vilevile alivyomwaga Magdalena.

Nilikudanganya, Mama, na uongo wangu umemfikisha mwenzio hospitali. Naona aibu hata nimeshindwa kuja kukuambia usoni.

Nakujua hasira zako, utataka kuitupa hiyo chupa. Nakuomba usithubutu. Leo meza kama kawaida, na kesho pia. Nikasirikie mimi, vidonge havijakukosea kitu. Kisha nenda kwa Magdalena umweleze kwa kinywa chako, maana maneno ya nesi hatayaamini.

Wasalimie Baba na wote wa nyumbani. Ukikataa kunijibu nitaelewa. Ila umtume Daniel aje aniambie kama umemeza.

Mwanao akupendaye,
Irine