Sikumkimbia Mume Wangu

Nyumba ile ile ya mlango wa bluu,
Jumapili, 12 Machi.

Mpendwa Dada,

Pokea kwanza salamu zangu, maana hata mwenye hasira ana adabu zake. Hujambo? Shemeji hajambo? Goti lake bado linamsumbua kwenye ngazi? Na wanangu wa huko wanaendeleaje na masomo? Sisi huku wazima. Kitindamimba wangu ameota meno ya mbele na sasa anang'ata kila kitu, hata futi yangu ya kupimia nguo.

Barua yako nimeipata Alhamisi. Nimeisoma nimesimama, nikairudia nimekaa. Unaniuliza mume wangu amenifanya nini mpaka nikatoroka alfajiri na mfuko wa nguo, na unanisihi nirudi kwa ajili ya watoto. Nirudi wapi, Dada? Naandika haya mezani kwangu, na mwanamume unayemlaani yuko uani anafua soksi za shule. Sikumkimbia mume wangu. Nilikuwa nakimbia, basi.

Ngoja nikueleze, maana najua Shangazi amekutilia chumvi hadi chombo kikajaa.

Unaujua msimu wa sare za shule. Nakaa kwenye cherehani tangu saa moja asubuhi hadi giza linaingia, nainuka tu kumpima mteja. Mwezi wa kwanza kichwa kikaanza kunizunguka, nikawa natunga uzi hewani sindano iko pembeni. Nikaenda hospitali. Daktari, mama mmoja asiyecheka, akapima presha mara mbili, kisha akaniuliza mama yetu alifariki kwa nini. Nilipomjibu aliweka kalamu chini. Akanipa vidonge, na akaniambia nusu saa ya mazoezi kila siku si ombi.

Nilimcheka. Nusu saa niitoe wapi? Nina watoto watatu, ndoo za maji, viatu vinavyopotea mguu mmoja kila asubuhi, na wateja wanaotaka nguo jana. Nikajaribu kuruka kamba uani jioni. Watoto wakaichukua kamba, na mimi nikabaki kuwa mwamuzi. Wiki moja tu, mambo yakafa.

Ndipo nikapata akili. Kutoka hapa hadi kibandani kwangu nilikuwa napanda gari, na foleni inakula nusu saa nzima. Sasa naitumia hiyo hiyo. Naweka gauni la kazi, taulo na sabuni mfukoni, navaa raba za mwanangu mkubwa zilizombana, nakimbia. Nikifika naoga nyuma ya kibanda, na saa moja kamili niko kwenye kiti. Baba watoto anabaki na chai na nywele za binti. Njia anazomchana zimepinda vibaya, lakini mtoto anafika shule, na mwalimu hajalalamika.

Siku ile niliyoonekana, nilisahau funguo. Baba watoto akarukia baiskeli, akanifuata mbio huku ananiita, mkono juu, rundo la funguo linang'aa. Nami nilikuwa mbele na mfuko mgongoni, mkono wa gauni unaning'inia nje, simsikii. Shangazi alikuwa anavuka barabara kwenda kupanga nyanya zake sokoni. Akaona mwanamke anakimbia na nguo zake na mume anamfukuza na chuma. Hakuuliza. Alipanga nyanya, akapanga na kikao, na wewe akakutumia habari siku hiyo hiyo.

Jumamosi ya wiki hiyo wakajaa sebuleni: Baba Mkubwa na fimbo yake, Shangazi, na wakwe zangu wawili walioitwa bila kuambiwa sababu. Baba watoto, ambaye maisha yake yote ni kuchomelea mageti na kunyamaza, akaulizwa mbele ya watu amenipiga kwa nini. Akaniangalia mimi. Mimi nilicheka mpaka mbavu zikaniuma, na nilipoeleza, Baba Mkubwa naye akacheka.

Shangazi hakucheka. Alisema, na nakuandikia kama alivyosema: "Afadhali ungekuwa umegombana na mumeo. Hilo tungelisuluhisha." Akaniambia mama wa watoto watatu hakimbii barabarani watu wakimtazama, nimwige marehemu mama, mwanamke aliyejua kutulia.

Dada, hapo kicheko kikaniisha. Mama tulimkuta wapi? Nikamjibu, "Mama alitulia kwenye kiti chake, Shangazi, na kwenye kiti hicho alifia. Mimi sitatulia." Akajifunga kanga, akatoka. Hajanisemesha tangu siku hiyo, na inaniuma, maana ndiye aliyetulea baadaye. Lakini kesho alfajiri nitapita pale pale mbele ya meza yake. Akitaka anitazame, akitaka ageuze shingo. Wiki iliyopita nimepimwa tena na presha imeshuka. Daktari bado hakucheka, ila aliandika namba ile akaipigia mstari.

Sasa nije kwako. Umeandika kurasa nne za kunionea huruma. Ukurasa wa tatu, katikati ya habari za mvua, umeweka mstari mmoja kwamba siku hizi unaamka na kichwa kinagonga na macho yana ukungu, eti ni uchovu wa kukaa dirishani kukata tiketi. Mstari huo nimeusoma mara nyingi kuliko zote. Mwezi wa sita unatimiza arobaini na tisa. Mama hakuitimiza hamsini.

Kwa hiyo sitaki barua nyingine ya kunifundisha kutulia. Kesho yake ukishaipata barua hii, kabla hujaingia kazini, nenda ukapimwe presha. Ukisema huna nafasi, mimi nimeshakuonyesha inakopatikana. Niandikie namba mbili tu, ya juu na ya chini, hata bila salamu. Nisipozipata mwisho wa mwezi, nitafunga cherehani nije kukupeleka mwenyewe, na wewe unanijua.

Msalimie Shemeji na goti lake, wanangu wote, na yule jirani yako mshona viatu. Baba watoto anakusalimu, na anasema amekusamehe. Watoto wanakuamkia.

Mungu akulinde, Dada, na akujalie uzeeke kuliko mama.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Fundi.