Namba Yako Kwenye Simu ya Atupele

Gwakisa, mshenga wangu,

Sikuulizi hali. Nilishika beleshi kwenye kaburi lako kwa mikono yangu miwili, kwa hiyo hali yako naijua. Nakuandikia kwa sababu nina ugomvi na wewe, na mtu akigombana na mshenga wake sijui anakwenda kushtaki kwa nani. Wewe ndiye uliyenisemea kwa baba yake Atupele. Wewe ndiye uliyetuambia, "Mkikorofishana msipeleke kanisani wala kwa majirani, nileteeni mimi." Haya, nimekuletea.

Unakumbuka mke wangu alivyokuwa. Hakufiwa, hakuugua homa, alikuwa anakaa tu jikoni anatazama moto mpaka unazimika. Majirani hapa Ikuti wakasema amerogwa. Nesi kule mjini ndiye aliyesema hiyo ni sonona, akamwandikia dawa na kumwekea ile programu kwenye simu. Kila asubuhi inamuuliza, "Leo unajisikiaje?" na kumpa sura za kubonyeza, kuanzia inayocheka hadi inayolia. Inamfundisha kuvuta pumzi. Inamwambia aandike jambo moja jema. Sikatai, ilimsaidia. Alirudi kuchuma chai, akarudi kwaya, akaanza tena kunicheka ninavyomenya ndizi.

Ila kuna kitu kilikuwa kinaniuma. Nikimuuliza umeamkaje, ananijibu salama. Halafu namwona kwa jicho la pembeni anabonyeza sura inayolia. Yaani mimi niliyemtolea ng'ombe napewa salama, simu inapewa ukweli! Nikawa naionea wivu simu. Mwanaume mzima.

Na wewe pia nilikuonea wivu. Ulikuwa unatokea bila taarifa, pikipiki imejaa matope, mkononi una maparachichi au mkate. "Nimepita tu." Nani anapita tu Ikuti kutoka Bagamoyo, hii yetu ya mjini si ile ya pwani, na mvua yetu hii? Nilikuwa narudi shambani nakukuta jikoni unamsimulia vituko vya wateja wa duka lako la vipuri, anacheka mpaka anashika ubavu. Kimoyomoyo nilikuwa nasema, kikulacho ki nguoni mwako. Halafu nakukaribisha chakula.

Kisha presha ikakuchukua, ghafla vile. Tangu tukuzike Atupele akaanza kurudi kulekule kwenye moto wake. Nilidhani ni msiba tu, maana hata mimi sikuwa mzima.

Wiki iliyopita mkeo, mama Lusajo, aliichaji simu yako. Alikuwa anatafuta namba ya mtu anayewaletea mzigo. Ilipowaka na kushika mtandao ikaanza kulia mfululizo. Akanipigia nije. Nilipofika dukani alinipa simu nisome. "Atupele hayuko sawa leo. Wewe ni mtu wake wa karibu. Tafadhali mtafute." Kumbe ile programu ilikuwa inakutumia kila akibonyeza sura inayolia, meseji ileile, tena na tena. Nyingine za tangu uko hai, na siku zake nikazikumbuka: ile uliyoleta maparachichi, ile uliyokuja umelowa ukaazima shati langu. Nyingine zimekuja ukiwa tayari udongoni. Mke wangu alikuwa anaita, Gwakisa. Na simu iko kwenye droo, imezimwa.

Mama Lusajo akasema, "Alikuwa anafunga duka haniambii anakwenda wapi. Na mimi nilikuwa na mawazo yangu." Tukatazamana. Tukacheka kama wendawazimu, halafu yeye akalia.

Sasa nikushukuru au nikugombeze? Sijui. Haki ya Mungu sijui. Ulikuja kumtazama mke wangu na hukuniambia hata neno. Ulikuwa unatunza siri yake, au uliniona mimi si mtu wa kuambiwa? Simu ilimuuliza mtu wake wa karibu ni nani, na mimi nalala naye kitanda kimoja!

Nilirudi nyumbani nimefura. Nikamuuliza moja kwa moja, kwa nini si mimi. Akasema, "Wewe ni mume, Gwakisa ni mshenga. Na ningekuandika wewe ningeanza kuidanganya simu. Ningebonyeza inayocheka kila siku ili usihangaike."

Mshenga, maneno hayo ni mapenzi au ni tusi? Nimeyageuza mpaka kichwa kinauma. Kwa kunipenda ananificha, na kwa kunificha anabaki peke yake, na mimi nabaki peke yangu palepale pembeni yake. Hiyo ni ndoa gani? Na je, unge— hapana, acha, nilitaka kuuliza kama ungekuwa hai ungenijibu nini, lakini najua ungecheka kwanza.

Nilijikuta nasema, "Andika namba yangu. Ukitaka kudanganya, danganya. Mimi nitakutazama mwenyewe." Akaifuta ya kwako, akaandika yangu. Alilia akiifuta. Na mimi nililia, usimwambie mtu huko.

Jana simu yangu ilikaa kimya asubuhi nzima. Nilikuwa nachuma chai, kila dakika naitoa mfukoni. Kimya maana yake amebonyeza inayocheka. Lakini wakati naondoka nilikuwa nimemwona anafunga kanga, anafungua, anafunga tena, kama aliyesahau safari yake. Nikaacha kapu katikati ya mstari, wenzangu wakanizomea, "Mkeo kakuita!" Nilimkuta kizingitini, ndoo tupu miguuni. Akaniuliza, "Simu imekwambia?" Nikasema hapana. Alinitazama muda mrefu, Gwakisa, hajawahi kunitazama hivyo tangu siku ile ulipotuoza. Kisha akasogea, nikakaa, akaanza kunieleza. Mengi sikuyaelewa. Ndoo ilibaki tupu mpaka mchana.

Sijui kama ndivyo ulivyokuwa ukifanya. Labda wewe ulikuwa na maneno mazuri, mimi sina. Lala, mshenga wangu. Ndaga fijo, asante sana, kwa kila safari uliyokuja kwenye matope yale, ugomvi wetu tutaumaliza tukionana. Nakuahidi hili moja: simu ilie isilie, nitakuwa narudi nyumbani kumwangalia.

Ni mimi,
Ambokile