Jesca Hakuomba Radhi

Dada yangu Neema,

Ulipofariki, wasomaji wako walikuja msibani Chanika wamevaa vitenge vya sare, wakaketi mkekani na Mama. Chai haijapoa, wakaanza kumsema Jesca: ana roho mbaya, ana dharau, kamwacha mwanaume mwema kama Daudi bila sababu ya maana. Mama alivumilia, mwishowe akauliza, "Huyo Jesca ni wa mtaa gani? Na mbona mnamsengenya msibani kwangu?"

Ikabidi nimweleze kwamba ni mtu wa hadithi yako, ile ya mapenzi uliyokuwa ukiituma kwenye kundi la WhatsApp. Wakacheka huku wanalia. Kisha wakanigeukia: mimi mdogo wako ni karani, kuandika najua, basi niwamalizie hadithi uliyoiacha njiani. Ila yule mwanamke apige magoti.

Unanijua. Bosi akikohoa tu, natafuta kosa langu. Nilikubali.

Nakumbuka ulivyokuwa ukinisomea jikoni huku unamenya vitunguu, simu umeiegemeza kwenye sufuria. Nilikuuliza kwa nini usimfanye Jesca apendeke kidogo. Ukasema, "Mwanaume akiwa mkorofi kwenye hadithi, wanasema huyo ndiye mwanaume. Jesca akikataa kufua tu, wanataka agongwe na gari."

Niliandika anarudi kwa Daudi analia. Kila nilipofika kwenye magoti nilisikia msonyo wako nyuma yangu, ule mrefu. Nikigeuka, pazia tu. Nikafuta. Nikaandika tena, ukasonya tena. Sijui kama ni wewe, au ni woga wangu umejifunza sauti yako. Watu wa kundi niliwaogopa, lakini niliogopa zaidi kukuzika mara ya pili, kwa mkono wangu mwenyewe.

Jumapili baada ya ibada niliituma sehemu ya mwisho. Jesca anamrudishia Daudi funguo, anamwambia hampendi, anaondoka. Basi. Simu ikaanza kutetemeka. Wengine wakajitoa kwenye kundi. Mama akaniomba nimsomee. Nilipomaliza, akauliza kama kweli hakuomba radhi.

"Hakuomba, Mama."

"Ndivyo alivyokuwa mwanangu," akasema, kisha akaniambia nisome tena.

Pumzika, dada. Jumbe zao mie bado sijathubutu kuzifungua, ila sijabadilisha hata neno.

Mdogo wako, aliyebaki na Mama