Sikuzichelewesha Hati za Madereva

Tunduma, Jumapili mchana

Baba yangu mpendwa,

Assalamu alaikum, na shikamoo. Mimi ni mzima, ila moyo haujatulia. Mgongo wako unaendeleaje? Na mashine ya kusaga, umeipatia mkanda mpya?

Baba, najua Baba Mdogo, aliyeniombea kazi hii, ameshakufikishia maneno. Bosi wangu alimpigia simu juzi Ijumaa akamwambia kwamba nachelewesha hati za malori makusudi ili madereva wanipe chai. Si kweli. Nakuandikia ili usikie na upande wangu.

Kazi yangu ni kuandaa hati za mizigo inayovuka kwenda Zambia. Wakati wa mgao wa umeme tulitegemea betri ya laptop, nayo ilikuwa ikizima kabla ya adhuhuri. Fundi wetu, shemeji wa bosi, akairekebisha. Betri ikawa inafika jioni, tukamsifu sana, mimi nikiwa wa kwanza. Mgao ukaisha, lakini kompyuta ikabaki nzito. Hati moja ikawa inachukua mara tatu ya muda wake.

Madereva wakajaa mlangoni. "Dogo, hiyo kompyuta umeilisha ugali?" akauliza mmoja. Mzambia mmoja akagonga meza: "Iwe, wewe! Nimebeba machungwa, sijabeba mawe!" Wengine wakaanza kuniwekea soda mezani. Nilizirudisha zote, isipokuwa moja niliyoinywa kwa kiu. Bosi aliniona.

Wewe utanielewa kuliko yeye. Kinu kikiwa hakina mahindi, unapunguza moto wa injini usichome dizeli bure. Mwenye debe akifika, unaupandisha. Ndani ya mfumo wa kompyuta kuna kiini kinachofanya hivyohivyo kwa prosesa, yaani sehemu inayopiga hesabu. Kazi ikija, kinaongeza kasi; ikiisha, kinapunguza ili umeme usipotee. Fundi, ili betri idumu, alikiamuru kibaki kwenye kasi ya chini kabisa siku zote, hata umeme ukiwepo, hata foleni ikifika barabarani.

Niliyaona hayo kwenye skrini, nikanyamaza wiki nzima. Fundi alikuwa amekataza mtu yeyote kugusa mipangilio, nami niliogopa kufukuzwa. Hapo ndipo nilipokosea.

Ijumaa hiyo asubuhi nilishindwa kuvumilia. Mbele ya bosi na madereva nilikiamuru kiini kifuate kazi iliyopo. Hati ikatoka dereva akiwa bado ananitukana. Watu wakacheka, hata yeye. Fundi hakucheka.

Bosi akaniangalia. "Kumbe siku zote ulijua kuiharakisha," akasema. "Ulikuwa unangoja soda."

Akaandika karatasi kwamba nakiri kuchelewesha hati kwa kutaka rushwa. "Saini, nikusamehe, uendelee na kazi. Usiposaini, Jumatatu usije."

Kalamu nikaisukuma upande wake. Nikamwambia, "Mzee, nitasaini kwamba nilinyamaza wiki nzima, na kwamba nilikunywa soda moja. Hilo lingine sisaini." Sauti ilikuwa ndogo, lakini waliokuwepo walisikia.

Baba, naogopa, sikufichi. Chumba hiki nimepanga kwa ajili ya kazi hii, na sina ndugu huku. Lakini kesho nitakwenda. Nitakaa kwenye kiti changu nianze na hati ya kwanza itakayoletwa. Akitaka kuniondoa, aniondoe mbele ya madereva walewale, na aseme kwa sauti kosa langu ni lipi.

Nisalimie Mama, mwambie nakula vizuri. Bibi mpe shikamoo yangu mkononi, asiposikia rudia. Dada Zuhura ahimize watoto wake kusoma, na shangazi wa kisimani naye asinisahau katika dua.

Baba Mdogo naye msalimie sana. Nasikia anataka kupanda basi aje kuniombea msamaha kwa bosi. Tafadhali mzuie. Akija, aje kunitembelea tu.

Ni mimi mwanao,
Idrisa