Mvinyo Katika Stoo ya Babu

Alhamisi, 3 Oktoba
Nimeshona tangu asubuhi. Joto halisemeki, hata cherehani imepata moto. Baba wa mpangaji wangu wa uani, Neema, ameingia kwa treni kutoka Dodoma. Anaitwa Mzee Chisomi. Amekuja kutolewa mtoto wa jicho. Neema ni nesi hapa mjini. Mzee ni mpole, mrefu, ana mikono ya mkulima. Kaja na makasha mawili ya mbao. Ameomba ayaweke stoo ya ndani, ile aliyoijenga babu kwa bidhaa za misafara. Kuta zake za udongo ni nene, hata Oktoba pana ubaridi. Nikamuuliza ni kitu gani. Mali ya zabibu, akasema. Nikamfungulia.

Jumapili, 6 Oktoba
Ni mvinyo. Niliingia kuchukua ungo, nikaona shingo za chupa. Nimekasirika sana. Mzee akainamisha kichwa: alidhani Neema ameshaniambia, na Neema alidhani baba yake ameshasema. Pombe, ndani ya nyumba ya babu yangu. Nimewaambia nitafikiri.

Ila kuna jambo linanisumbua. Kwa nini chupa zote zimelazwa ubavu?

Jumanne, 8 Oktoba
Nimeshindwa kujizuia. Nimemuuliza.

Kizibo kikikauka, hewa huingia, mvinyo huharibika. Kwa hiyo chupa hulazwa ili kizibo kiwe na unyevu. Nikauliza la pili, la tatu, mpaka chai ikapoa. Kwao Dodoma zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, na wengi huuza mvinyo ungali mchanga. Yeye alitaka ule wa kukaa. Kachanganya zabibu za mashamba mawili. Lake ni la udongo mwekundu, mvinyo wake unakaba ulimi kama chai ya rangi iliyochemka kupita kiasi. La mkewe lilikuwa la kichanga, mvinyo wake laini, lakini hauna maisha marefu.

"Kila mmoja peke yake ana kasoro," alisema. "Ukiwaweka pamoja miaka, wanafundishana adabu."

Mkewe amefariki. Shamba la kichanga limepimwa viwanja, mizabibu imeng'olewa. Chupa zilizo stoo kwangu ni za mavuno yake ya mwisho. Kule nyumbani kwake ni bati na joto, na kwa kuwa angekaa huku muda mrefu, hakuthubutu kuziacha.

Sijawahi kuonja pombe na sitaonja. Kujua tu, nataka kujua.

Ijumaa, 11 Oktoba
Kaka Nassor kapitia hapa baada ya sala ya Ijumaa. Sikumficha. Kaniuliza kama nimesahau mimi ni mtoto wa nani. Chupa zitoke leo, akasema. Yuko sahihi, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi.

Mzee na Neema wamehamishia makasha chumbani kwa Neema, chini ya bati.

Jumamosi, 12 Oktoba
Mchana mzee alikuwa akilowesha magunia na kuyafunika makasha. Yanakauka, analowesha tena. Jicho moja haoni, anapapasa ndoo. Nimeshona mkono wa gauni kinyume. Nimefumua. Nimekosea tena.

Jumatatu, 14 Oktoba
Leo sikukuu, nimefunga kazi. Nimevaa baibui langu nikaenda parokiani. Sijawahi kuingia pale. Padre ni kijana wa Kinyamwezi, kaniamkia shikamoo, kanipa kiti. Nikamweleza bila kuzunguka: mna chumba chini ya nyumba ya zamani, nasikia kina baridi, nina mgeni ana mvinyo wa marehemu mkewe.

"Mama, wewe ndiye unayeuombea hifadhi?"

"Namwombea mzee," nikasema. "Mvinyo ni wa kwenu."

Alicheka hadi akatoa kitambaa. Amekubali.

Jioni Neema kaleta bajaji. Makasha sikuyagusa. Lakini njia nimeonyesha mimi, na sijui hesabu yangu mbele ya Mungu ikoje. Nimemwomba anisamehe kama nimekosea.

Jumatano, 16 Oktoba
Chupa moja imerudi. Parokiani waliona inavuja. Mzee kaifungua uani, kanusa, kaketi. Kizibo kililegea siku nyingi. Si mvinyo tena, ni siki. Nilimwona akiishika tu magotini.

Nikakumbuka kitu nilichosoma chuoni, madrasa, nikiwa mdogo. Nimekwenda kwa Shangazi Zuwena, mwalimu wangu wa Kurani, ili niwe na hakika. Aliuliza swali moja: kuna mtu aliyeigeuza? Hakuna, imegeuka yenyewe. Basi ni halali, akasema, kula.

Ijumaa, 18 Oktoba
Nimepika wali na samaki wa Ziwa Tanganyika. Kachumbari nimeitia ile siki. Nimewaalika Neema na baba yake. Mzee hakula kwanza, ananitazama kwa lile jicho zima.

Ukali ulitangulia. Halafu nyuma yake kitu kama tunda lililoiva, kinachelewa kuondoka. Nikamwambia hivyo hivyo.

"Hicho cha nyuma," akasema, "ndicho Mama Neema."

Neema kaenda kuchota maji ambayo hatukuyahitaji. Sisi tuliendelea kula.

Jumapili, 27 Oktoba
Mzee kaondoka na treni. Jicho lililopasuliwa limefunguliwa bandeji, anasoma vibao vya maduka kwa sauti. Makasha yamebaki kwa mapadre. Atayafuata joto likipungua.

Kaka Nassor kaja kunywa chai. Nimemwambia yote, la parokia, la bajaji, la siki. Nilijiandaa kusemwa.

"Hiyo siki ilikuwaje?" akauliza.

Nikamwambia imebaki kidogo. Akasogeza sahani yake.